Mtawanyiko Unatoka Wapi? Utatuzi wa matatizo katika kupima uthabiti wa muda kwa wanyama waliofunzwa

Umemfunza panya abonyeze kitufe sekunde 10 baada ya taa kuwaka, au umemfunza simba-bahari atikise kichwa kwa kufuata mdundo. Umekusanya mamia ya majibu, ukayaingiza kwenye kompyuta, na namba iliyotoka haifanani na ulichokiona kwa macho yako. Kuna wakati inamdhulumu mnyama, na kuna wakati inampa sifa asiyoistahili.

Mtawanyiko wowote unaoupima ni mchanganyiko. Ndani yake mna kuyumba kwa saa ya ndani ya mnyama, kuyumba kwa misuli yake, makosa ya vifaa, mkono wa mfunzaji, na makosa yanayozaliwa na hesabu yenyewe. Kila chanzo huacha alama yake kwenye data, na alama hizo zinasomeka. Usiandike kwamba mnyama hajui muda kabla hujavitenga hivyo vingine.

Mambo mawili kwanza. Hifadhi muda wa kila jibu, si wastani wa kikao, kwa sababu karibu kila uchunguzi ulio hapa chini hauwezekani ukiwa na wastani peke yake. Pili, tenganisha kulenga na uthabiti. Mnyama anayejibu sekunde 12 kila mara wakati ulitaka 10 hajalenga, lakini ni thabiti. Kulenga hupimwa kwa wastani. Uthabiti hupimwa kwa mchepuko sanifu, yaani umbali wa kawaida wa majibu kutoka kwenye wastani wake, na mraba wa mchepuko huo ndio varianzi. Varianzi za vyanzo visivyotegemeana hujumlishwa na kutolewa. Michepuko haijumlishwi hivyo. Kanuni hii ndiyo itakayotubeba mpaka mwisho.

Majibu yanarundikana kwenye namba zilezile

Chora histogramu, yaani grafu ya idadi ya majibu katika kila kigawe cha muda, yenye vigawe vyembamba, milisekunde moja au mbili kila kimoja. Ukiona majibu yamejipanga kwenye 33, 67, 100 na 133 huku kati yake patupu, unaitazama kamera inayopiga fremu 30 kwa sekunde. Tukio lililotokea katikati ya fremu mbili huandikwa kwenye fremu inayofuata, na kosa hilo lina mchepuko sanifu unaojulikana: urefu wa fremu ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha 12. Kwa fremu ya milisekunde 33.3 ni milisekunde 9.6. Ukipima muda kati ya matukio mawili, yote mawili yakiwa yamesomwa kwenye video hiyohiyo, makosa yanakuwa mawili na mchepuko wake unafika 13.6.

Je, inadhuru? Kwa panya anayesubiri sekunde 10 akiwa na mchepuko wa sekunde 1.5, haidhuru hata kidogo. Kwa mnyama anayefuata mdundo akiwa na mchepuko wa milisekunde 20, inadhuru sana. Toa varianzi kwa varianzi: mraba wa 20 ni 400, mraba wa 13.6 ni 185, 400 kutoa 185 ni 215, na kipeuo chake ni 14.7. Robo nzima ya mtawanyiko uliomhesabia mnyama ilikuwa ya kamera. Kutoa namna hii kunakubalika mradi mtawanyiko wa mnyama usiwe chini sana ya nusu ya fremu. Ukiwa chini ya hapo, hesabu haitakuokoa. Tafuta kamera ya kasi zaidi au kihisio cha mguso.

Simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu kulingana na mwanga uliopo. Kwa hiyo usizidishe namba ya fremu kwa 33.3 ukadhani umepata muda. Soma muhuri wa muda wa kila fremu ndani ya faili.

Kuchelewa kusikobadilika, au kuchelewa kunakokua

Kuchelewa kusikobadilika kwa kawaida ni njia ya sauti. Spika isiyo na waya huweza kuchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, na hewa nayo ina sehemu yake: sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mnyama aliye mita 10 kutoka kwenye spika anausikia mdundo milisekunde 29 baada ya kutoka. Weka maikrofoni pale kichwa cha mnyama kinapokaa, pima, kisha toa. Kosa hili linaharibu kulenga tu. Uthabiti haliugusi, isipokuwa ucheleweshaji wenyewe uwe unabadilika kutoka sauti moja hadi nyingine, jambo ambalo spika zisizo na waya hulifanya.

Kuchelewa kunakokua ni saa mbili zisizokubaliana. Video inayoitwa ya fremu 30 mara nyingi ni ya 29.97. Tofauti ni sehemu moja ya elfu, lakini baada ya dakika 10 imekuwa sekunde 0.6. Chora tofauti kati ya jibu na ishara dhidi ya muda wa kikao. Mstari ulionyooka unaopanda au kushuka bila kujali mnyama anafanya nini ni saa. Mnyama anayechoka hachoki kwa mstari ulionyooka namna hiyo. Dawa ni ishara moja inayoonekana na kusikika kwenye rekodi zote, mwanzoni na mwishoni mwa kikao, kisha unyooshe muda kati ya hizo mbili.

Anapatia pale tu mfunzaji alipo

Hans, farasi wa Berlin, alijulikana kwa kupiga kwato idadi sahihi ya jibu la hesabu. Oskar Pfungst alichapisha uchunguzi wake mwaka 1907 na kuonyesha kwamba farasi aliacha kupiga alipoona mwendo mdogo wa kichwa cha aliyeuliza, mwendo ambao muulizaji mwenyewe hakujua ameufanya. Ukilitazama vizuri, lile lilikuwa suala la muda: kuacha kwa wakati. Kila anayepima muda kwa mnyama mwenye mfunzaji karibu yuko katika hatari hiyohiyo.

Takwimu hapa inasaidia bila gharama kubwa. Soma kwenye video muda wa mwendo wowote wa mfunzaji, kupumua, kuinua bega au kupeleka mkono kwenye chakula, kisha piga hesabu mbili: mchepuko wa majibu kutoka kwenye ishara halisi, na mchepuko wa majibu hayohayo kutoka kwenye mwendo wa mfunzaji. Mnyama anafuata kile ambacho mchepuko wake ni mdogo zaidi. Ikiwa ni mfunzaji, mfiche, mzibe masikio asisikie mdundo, au mwondoe kabisa na uache mashine itoe tuzo.

Kuna ndugu wa tatizo hili: mnyama anayeitikia sauti badala ya kuitabiri. Majibu yanakuja milisekunde 200 au 300 baada ya kila sauti, yakiwa thabiti, na ripoti inasema anafuata mdundo. Vuruga mpangilio wa sauti ili nafasi kati yake zisitabirike. Kuchelewa kusipobadilika, alikuwa anaitikia tu. Kukiongezeka, basi mdundo wa kawaida ulikuwa unamsaidia kujiandaa, na hapo kuna jambo la kuchunguza.

Wastani ni kilima kipana, lakini kwa macho mnyama anaonekana thabiti

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza data nzuri, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia inayotumika sana ni hii. Katika majaribio ya kawaida mnyama hupata chakula kwa jibu la kwanza baada ya muda fulani kupita, tuseme sekunde 20. Kisha huchanganywa majaribio machache yasiyo na chakula, ambamo taa au sauti inaendelea mara tatu au nne ya muda huo. Humo mnyama hujifichua: kwa wastani anabonyeza zaidi kadiri sekunde ya 20 inavyokaribia, kisha anapunguza. Seth Roberts aliitumia njia hii kwa panya katika kazi aliyoichapisha mwaka 1981, akiwa na sekunde 20 kwa ishara moja na 40 kwa nyingine. Kilele kinakaa karibu na muda wa chakula, na upana wa kilima huchukuliwa kuwa kipimo cha uthabiti.

Lakini katika jaribio moja moja mnyama hapandi kilima chochote. Anatulia, ghafla anaanza kubonyeza kwa kasi isiyobadilika sana, kisha anaacha. Schneider alilionyesha hilo kwa njiwa mwaka 1969, katika ratiba ambamo chakula huja kwa jibu la kwanza baada ya muda uliopangwa: mpindo laini wa wastani ulitokana na mivunjiko ya ghafla iliyotokea nyakati tofauti. Church, Meck na Gibbon walifanya kazi hiyo kwa kilima chote mwaka 1994, wakitafuta mwanzo na mwisho wa kubonyeza katika kila jaribio la panya.

Ukijumlisha vipande hivyo vya ghafla, kilima unachopata kinapanuliwa na vitu vitatu: kuyumba kwa muda wa kuanza, kuyumba kwa muda wa kuacha, na urefu wa kipindi chenyewe cha kubonyeza. Hicho cha tatu hakihusiani na uthabiti. Mnyama mwenye pupa ya chakula anaweza kuanza sekunde ya 10 na kuacha sekunde ya 30 kila mara bila kutetereka. Kilima chake ni kipana, na saa yake ni nzuri. Ni dhuluma kumwita mzembe.

Tiba ni kuchambua jaribio moja moja. Gawa kila jaribio katika sehemu tatu, ya kimya, ya kasi, na ya kimya tena, kwa kujaribu kila jozi ya mwanzo na mwisho inayowezekana. Kwa kila jozi piga alama hii: urefu wa sehemu ya kwanza mara tofauti ya kasi ya jaribio zima na kasi ya sehemu hiyo, jumlisha urefu wa sehemu ya kati mara tofauti ya kasi yake na kasi ya jaribio zima, jumlisha urefu wa sehemu ya tatu kama ulivyofanya kwa ya kwanza. Jozi yenye alama kubwa kuliko zote ndiyo mwanzo na mwisho wa jaribio hilo. Kompyuta ya kawaida inalimaliza jambo hili haraka.

Sasa una namba za kutosha kuuliza swali la maana. Angalia kama mwanzo na mwisho vinakwenda pamoja. Vikisogea upande mmoja, majaribio ya kuanza mapema yakiwa pia ya kuacha mapema, kinachoyumba ni saa au kumbukumbu ya muda. Vikisogea pande zinazopingana, kuanza mapema kukiendana na kuacha kwa kuchelewa, kinachoyumba ni kizingiti cha uamuzi, yaani ni wakati gani mnyama anaona inatosha kujaribu. Katika data halisi yote mawili huwapo pamoja, na ndiyo maana inafaa kuripoti mchepuko wa mwanzo, wa mwisho na wa katikati, kila kimoja peke yake.

Tahadhari mbili. Mnyama mara nyingi huanza tena kubonyeza jaribio refu linapokaribia kwisha, akingojea lijalo. Kata dirisha la uchambuzi kabla ya hapo, la sivyo mwisho utasomwa vibaya. Tena, jaribio lenye majibu mawili au matatu halina mwanzo wala mwisho wa kuaminika. Weka kima cha chini kabla ya kuangalia matokeo, na useme umeondoa mangapi.

Mtawanyiko unakua muda unapokuwa mrefu

Mara nyingi huu si ugonjwa. Mchepuko hukua sambamba na muda unaopimwa, na John Gibbon aliujengea nadharia mwaka 1977. Kwa hiyo usilinganishe mchepuko wa sekunde 5 na wa sekunde 40 moja kwa moja. Gawanya kila mchepuko kwa wastani wake, na ulinganishe uwiano huo wa mtawanyiko.

Kinachostahili wasiwasi ni uwiano usiotulia. Ukiwa mkubwa kwa muda mfupi na kushuka kuelekea muda mrefu, kuna kiasi cha mtawanyiko kisichojali muda: misuli, kifaa, umbali wa kutembea hadi kwenye kitufe. Chora varianzi dhidi ya mraba wa muda. Mwinamo wa mstari ni mraba wa uwiano wa kweli, na pale mstari unapokata mhimili wa wima ni varianzi ya kile kiasi kisichobadilika. Tuseme uwiano wa kweli ni 0.15 na kiasi kisichobadilika kina mchepuko wa sekunde 0.3. Kwa sekunde 1 utapata uwiano wa 0.34, kwa sekunde 4 utapata 0.17, kwa sekunde 16 utapata 0.15. Mnyama ni yuleyule na saa ni ileile. Mtu aliyepima sekunde 1 tu angeandika kwamba uthabiti wake ni mbovu mara mbili ya ulivyo.

Uwiano ukipanda kwenye muda mrefu, shuku kwamba mnyama anakata tamaa au anasahau kazi katika baadhi ya majaribio, kisha usome sehemu inayofuata.

Jambo jingine linalowatisha watu bure: umemfunza mnyama kutofautisha sauti ya sekunde 2 na ya sekunde 8, na sauti anayoigawa nusu kwa nusu iko karibu na sekunde 4 badala ya 5. Yuko sawa. Church na Deluty walionyesha mwaka 1977 kwamba panya hugawa karibu na kipeuo cha pili cha zao la namba mbili hizo, na 2 mara 8 ni 16.

Histogramu ina vilima viwili, au mkia mrefu

Mchepuko sanifu ni dhaifu mbele ya majibu machache yaliyo mbali. Jibu moja la sekunde 40 kati ya majibu ya sekunde 10 linaweza kuuvimbisha mara mbili. Kabla ya kufuta chochote, uliza jibu hilo ni la mchezo gani.

Kilima kidogo karibu na sifuri ni haraka au mazoea: mnyama alikuwa tayari juu ya kitufe jaribio lilipoanza. Kwenye mdundo, kilima kilichokaa mara mbili ya nafasi ya kawaida ni pigo lililorukwa, au lililofanyika na kihisio hakikulinasa. Rudi kwenye video uhakikishe ni lipi. Mkia mrefu wa kulia ni kukosa umakini. Hayo yote ni majibu ya kweli ya mnyama, lakini si majibu ya saa yake, na kuyachanganya katika namba moja ni kuficha habari. Tumia modeli ya mchanganyiko inayokadiria kwa pamoja sehemu ya majaribio ambayo mnyama alipima muda, na uthabiti wake ndani ya majaribio hayo. Ripoti zote mbili.

Kama huna nafasi ya modeli, tumia vipimo visivyotikiswa na mikia: thamani ya katikati badala ya wastani, na umbali wa katikati kutoka kwenye thamani hiyo, uliozidishwa kwa 1.4826 ili ulingane na mchepuko sanifu wa data yenye umbo la kengele.

Ninachokisihi ni kuacha desturi ya kufuta kila kilicho nje ya michepuko miwili. Hata kwenye data safi kabisa yenye umbo la kengele, kufanya hivyo kunapunguza mchepuko hadi 0.88 ya ulivyokuwa. Ukiwafutia kundi moja zaidi ya jingine, umetengeneza tofauti ambayo haipo.

Mapigo yanapishana, fupi kisha refu

Mnyama amefunzwa kupiga mdundo, sauti ya kuongoza imezimwa, anaendelea mwenyewe. Unaona nafasi fupi ikifuatwa na ndefu, tena na tena. Si kigugumizi. Wing na Kristofferson walitoa maelezo yake mwaka 1973 kwa watu wanaogonga kidole, na mantiki ni ileile kwa mnyama yeyote anayeendelea bila kiongozi.

Saa inatoa amri, na misuli inaitekeleza kwa kuchelewa kidogo kunakobadilika. Pigo moja likichelewa kwa sababu ya misuli, nafasi iliyolitangulia inarefuka na inayolifuata inafupika kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana nafasi zinazofuatana zinakwenda kinyume. Kutokana na hapo unaweza kutenganisha saa na misuli bila kumgusa mnyama. Pima varianzi ya nafasi, kisha pima kovarianzi, yaani kipimo cha jinsi namba mbili zinavyosogea pamoja, kati ya kila nafasi na inayoifuata. Geuza alama ya kovarianzi hiyo: hiyo ndiyo varianzi ya misuli. Toa mara mbili yake kwenye varianzi ya nafasi, na kinachobaki ni varianzi ya saa.

Chukua mfano: varianzi ya nafasi ni 900, mchepuko wa milisekunde 30. Kovarianzi ni hasi 200. Misuli ina 200, mchepuko wa 14 hivi. Saa ina 900 kutoa 400, yaani 500, mchepuko wa 22 hivi. Anayeripoti 30 kama uthabiti wa saa amezidisha kwa zaidi ya theluthi moja.

Modeli hii ina mipaka, na inakwambia yenyewe inapovunjika. Uhusiano wa nafasi na inayofuata, yaani kovarianzi kugawanywa kwa varianzi ya nafasi, lazima uwe kati ya sifuri na hasi 0.5. Ukiwa chanya, kasi ya mnyama inahama polepole ndani ya jaribio. Ondoa mwelekeo huo kwanza kisha urudie. Ukishuka chini ya hasi 0.5 kwa kiasi kikubwa, kuna kitu kingine, kwa mfano mnyama anayesahihisha kila pigo. Kwa sababu hiyo usiitumie wakati sauti ya kuongoza bado inalia, maana hapo anasahihisha kweli.

Wastani ni sifuri, lakini mnyama hayumo kwenye mdundo

Mdundo wa mapigo 120 kwa dakika una nafasi ya milisekunde 500. Tuseme nusu ya majibu yamekuja milisekunde 240 baada ya pigo, na nusu nyingine 240 kabla ya pigo. Wastani wa kawaida ni sifuri, kana kwamba mnyama amelenga pigo lenyewe. Ukweli ni kwamba yuko karibu na katikati ya mapigo mawili kila mara, na yale majibu yanayoonekana kuwa mbali yamepakana, kwa sababu mdundo ni duara.

Geuza kila jibu kuwa mshale kwenye duara la nyuzi 360, ambapo pigo ni sifuri na nafasi nzima ni mzunguko mmoja. Jumlisha mishale, gawanya kwa idadi. Upande unaoelekea mshale wa wastani ndio kulenga, na urefu wake, kati ya 0 na 1, ndio uthabiti.

Kisha jipe tahadhari kubwa zaidi. Watu hutumia jaribio la Rayleigh, ambalo huuliza kama mishale imetawanyika sawasawa pande zote, na wakipata jibu la hapana wanatangaza kwamba mnyama anafuata mdundo. Jaribio hilo linachukulia kila mshale kuwa huru, ilhali kutikisa kichwa mara moja kunategemea kulikotangulia. Fikiria mnyama kiziwi anayetikisa kichwa mara 122 kwa dakika kwa raha zake, huku mdundo ukiwa 120. Katika dirisha la sekunde 10 atahama theluthi moja tu ya mzunguko, na urefu wa mshale wake utakuwa karibu 0.83. Hajasikia chochote.

Dawa ni kuvunja uhusiano kwa makusudi. Linganisha mienendo ya jaribio moja na sauti ya jaribio jingine, mara elfu kadhaa, uone urefu gani wa mshale hupatikana kwa bahati. Badilisha kasi ya mdundo iwe ambayo mnyama hakufunzwa nayo. Sogeza pigo ghafla katikati ya jaribio na upime anarudi kwenye mdundo baada ya mapigo mangapi. Snowball, yule kakatua (ndege wa jamii ya kasuku) wa Marekani, alichunguzwa mwaka 2009 kwa wimbo ulioharakishwa na kupunguzwa kasi, na uhusiano wake na mdundo ulipimwa dhidi ya bahati. Ronan, simba-bahari wa California, kwenye utafiti wa mwaka 2013, alipewa kasi na muziki ambao haukuwa sehemu ya mafunzo yake. Uzito wa matokeo yao umetoka kwenye vipimo hivyo, kwa sababu urefu wa mshale peke yake usingemshawishi mtu makini.

Namba zinasema tofauti ni ya hakika, lakini wanyama ni wanne

Majibu 2,000 kutoka kwa wanyama wanne si ushahidi wa vipande 2,000. Stuart Hurlbert aliandika mwaka 1984 juu ya kosa hili la kuhesabu marudio ya kipimwa kimoja kana kwamba ni vipimwa vingi huru, na bado linaendelea. Kila mnyama ana majibu 500 yanayofanana kwa kuwa ni yake. Ikiwa sehemu ya 0.3 ya varianzi yote ni tofauti kati ya wanyama, idadi yenye uzito wa kweli kwa wastani wa jumla ni 2,000 kugawanywa kwa 1 jumlisha 499 mara 0.3, yaani 13 hivi.

Tumia modeli inayompa kila mnyama wastani wake na mtawanyiko wake, na ulinganishe hali mbili ndani ya mnyama yuleyule kila inapowezekana. Ukilinganisha uthabiti wa makundi, fanya hivyo kwenye logi ya mchepuko, au tumia jaribio la Brown na Forsythe linalopima umbali kutoka kwenye thamani ya katikati. Jaribio la F la kulinganisha varianzi linaharibika haraka data isipokuwa na umbo la kengele, na data ya muda ni nadra kuwa nalo.

Usisahau pia kwamba mchepuko wenyewe ni makadirio. Ukipata milisekunde 100 kutoka kwenye majibu 20, mipaka ya uhakika wa asilimia 95 ni kuanzia 76 hadi 146. Kwa majibu 200 inakuwa kuanzia 91 hadi 111 hivi. Wanyama wawili, mmoja mwenye 90 na mwingine 115, kila mmoja kwa majibu 20, hawajatofautiana kwa chochote unachoweza kukitetea. Kwenye grafu ya mwisho weka nukta moja kwa kila mnyama, kila nukta na mipaka yake, na idadi ya majibu iandikwe kando yake.